Saa Ngapi, ya Wapi, na ya Siku Gani?



 Mwaka huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Nalo ni namna ya kuitoa saa ndani ya kumbukumbu za mashine, pale mtu anapotaka kufanya hesabu za takwimu. Kwa mfano: watoto hufika saa ngapi kwa wastani? Wagonjwa huja zahanati kwa wingi wakati gani? Duka huuza zaidi asubuhi au jioni?

Huenda mzazi akauliza, "Ustadh, hilo linaihusu vipi madrasa?" Jibu langu ni kwamba linatuhusu kuliko watu wengi. Sisi ni watu wa nyakati. Sala zetu tano zina nyakati zake, saumu ina mwanzo na mwisho wake, eda huhesabiwa kwa siku na miezi, na mikataba ya madeni huandikiwa muda. Tena vijana wetu wengi siku hizi wanasoma kompyuta na takwimu vyuoni, na kesho wao ndio watakaotoa ripoti zinazohukumu watu. Rai yangu ni hii: saa iliyotengwa na siku yake na mahali pake ni nusu ya habari, na anayemhukumu mtu kwa nusu ya habari humdhulumu hata kama hakukusudia.

KOMPYUTA HUHIFADHI NINI?

Kwanza tufahamu mashine inaweka nini ndani yake. Ukiitazama kompyuta utaona imeandikwa tarehe na saa, ukadhani ndivyo vilivyohifadhiwa. Mara nyingi sivyo. Programu nyingi huweka namba moja tu, yaani idadi ya sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za dunia ziitwazo UTC. Ndivyo ifanyavyo programu ya R, ambayo ni ya bure na inatumika sana katika takwimu. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990.

Tuchukue namba moja tuifanyie hesabu: 1,700,000,000. Siku moja ina sekunde 86,400. Ukigawanya namba hiyo kwa 86,400 utapata siku nzima 19,675, na baki ni sekunde 80,000. Baki hiyo ndiyo saa ya siku. Sekunde 80,000 ni saa 22, dakika 13 na sekunde 20. Kwa hiyo kompyuta itakwambia 22:13:20, siku ya Jumanne tarehe 14 Novemba 2023.

Mwanafunzi mwenye haraka ataishia hapo na kufurahi kwamba amepata jibu. Lakini saa hiyo ni ya wapi? Ni ya UTC. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3, yaani sekunde 10,800. Ukijumlisha 80,000 na 10,800 unapata 90,800, ambayo imezidi siku moja. Ondoa 86,400, zinabaki 4,400, nazo ni saa 1, dakika 13 na sekunde 20. Basi hapa kwetu ilikuwa 01:13:20, na siku imekuwa Jumatano tarehe 15. Na kwa Kiswahili chetu hatusemi saa moja, bali saa 7 na dakika 13 usiku, usiku wa kuamkia Jumatano.

Tazameni, ndugu zangu. Ni tukio moja na sekunde moja, lakini limepata saa tatu tofauti na siku mbili tofauti. Hakuna aliyesema uongo katika hao watatu, ila kila mmoja amesema kwa kipimo chake. Uongo unaingia pale anapotokea mtu akachukua saa ya mmoja na kuisoma kwa kipimo cha mwingine.

MSICHANA ALIYEITWA MCHELEWAJI

Haya si mambo ya kubuni tu. Binti mmoja wa darasa letu la juu alikuwa akisoma kozi ya kompyuta asubuhi katika kituo kimoja cha hapa mjini, ambacho sitakitaja. Kituo hicho kina mashine ya alama za vidole mlangoni. Binti huyo aliombewa punguzo la ada, na ili aangaliwe mahudhurio yake, karatasi yake ikachapishwa peke yake. Karatasi ikaonyesha kwamba hufika 5:05, 5:10, 5:02. Karani akasoma alivyozoea kusoma: saa tano na dakika tano. Somo huanza saa 2:30 asubuhi. Baba yake akaitwa na kuambiwa kwamba bintiye anachelewa kwa zaidi ya saa mbili na nusu kila siku, na kwamba hastahiki punguzo. Likaongezwa na swali zito zaidi: huwa yuko wapi saa zote hizo?

Mzazi yeyote mwenye binti anaelewa uzito wa swali hilo.

Ukweli ni kwamba binti alikuwa akifika saa 2:05 asubuhi, dakika 25 kabla ya somo. Mashine ilihifadhi kwa UTC, na aliyeitoa saa hakuirudisha kwenye saa za Afrika Mashariki. Hivyo 08:05 ikawa 05:05. Kisha karani akaisoma kwa Kiswahili, ikawa saa 5:05 asubuhi. Kosa la kwanza lilirudisha nyuma saa 3, la pili likasogeza mbele saa 6, na jumla yake ikawa kuchelewa saa 3 ambako hakukuwepo.

Kilichomwokoa ni daftari. Karatasi ile ile ilionyesha kwamba binti hutoka 9:40. Baba yake akasema, "Saa tisa na dakika arobaini alasiri mwanangu yuko madrasa." Akaja kwetu, tukafungua daftari la mahudhurio, na jina lake limo kila siku, saa 9 kamili yuko mkekani. Mtu hawezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kituo kilipokwenda kuitazama kumbukumbu kamili, na punguzo likapatikana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata heshima ya mtu hupotea vivyo hivyo.

Je, kama binti yule asingekuwa na daftari la pili la kumtetea, ingekuwaje? Ni wangapi wamehukumiwa kwa karatasi kama ile, na hakuna aliyeuliza saa hiyo ni ya wapi?

"KOMPYUTA HAIKOSEI"

Wapo wanaosema kompyuta haikosei. Maneno haya yana ukweli upande mmoja: kugawanya na kujumlisha haikosei. Lakini kompyuta hujibu ulichouliza, haijui ulichokusudia. Katika R ukitaka saa kwa usahihi, unaitajia mahali, hivi:

format(x, "%H:%M", tz = "Africa/Dar_es_Salaam")

Hapo umeiambia: nipe saa na dakika, kwa saa za Dar es Salaam. Usipotaja mahali, programu itashika mahali palipoandikwa ndani ya kumbukumbu, au pale kompyuta yenyewe ilipowekwa. Hesabu ile ile ikifanywa kwenye kompyuta mbili huweza kutoa majibu mawili.

Tena taja mahali kwa jina, usitaje kwa namba ya saa. Wengi wetu tuna jamaa Uingereza tunaosoma nao darsa kwa simu. Wakati wa baridi London iko nyuma yetu kwa saa 3, na wakati wa kiangazi iko nyuma kwa saa 2, kwa sababu wenzetu husogeza saa zao mwezi wa Machi na kuzirudisha mwezi wa Oktoba. Usiku ule wa Oktoba, saa 01:30 hupita mara mbili. Ukiandika 01:30 tu, hakuna ajuaye ni ya kwanza au ya pili. Jamaa zetu wa Muscat wao hawasogezi, wako mbele yetu kwa saa 1 mwaka mzima. Jina la mji hubeba kanuni zote hizi, lakini namba peke yake haizibebi.

Kuna na mtego wa pili. Amri ile hapo juu hukupa maandishi, haikupi namba. "08:05" ya namna hiyo ni sawa na neno, na maneno hayana wastani. Ukitaka kufanya hesabu, toa saa mbali na dakika mbali, kisha gawanya dakika kwa 60 na ujumlishe. 08:30 inakuwa 8.5. Wanaotumia Excel watakuta jambo hilo kwa sura nyingine: humo siku nzima ni 1, na saa ni sehemu ya siku. Saa 12 asubuhi ni 0.25 na saa 6 mchana ni 0.5.

Mtego wa tatu: ukimpa R saa peke yake bila tarehe na kumwambia aifanye wakati kamili, ataibandika tarehe ya leo. Kesho ukirudia, ataibandika ya kesho. Mashine yenyewe haiwezi kuishi na saa isiyo na siku. Usipoipa siku, itajitafutia.

WASTANI WA USIKU

Sasa nataka wanafunzi wa darasa la hesabu wakae vizuri, maana hapa pana somo zuri.

Tuseme watu wawili wamekwenda kulala. Mmoja alilala 23:50 na mwingine 00:10. Wastani wao ni saa ngapi? Akili itakwambia mara moja kuwa ni usiku wa manane, saa 6 kamili usiku, kwa kuwa mmoja yuko dakika kumi kabla na mwingine dakika kumi baada. Lakini mpe anayehesabu kwa kufuata namba tu. Atajumlisha 23:50 na 00:10, apate saa 24, agawanye kwa mbili, aseme 12:00. Saa sita mchana! Watu wamelala usiku, na ripoti inasema wamelala adhuhuri.

Sababu ni kwamba saa ni duara, na kanuni ya wastani imetengenezwa kwa mstari. Anayehesabu kwa saa 24 amelikata duara pale usiku wa manane ili alinyooshe, na mkato ule umewatenganisha majirani wawili.

Sasa zisome saa zile zile kwa Kiswahili. 23:50 ni saa 5:50 usiku. 00:10 ni saa 6:10 usiku. Jumla ni saa 12, nusu yake ni saa 6 kamili usiku. Jibu limekuja sawasawa! Hesabu ya babu zetu inaanza usiku unapoingia, kwa hiyo usiku mzima unabaki kitu kimoja kisichokatwa.

Sisemi kwamba saa zetu hazina mahali pa kukatwa. Zinazo. Chukua 18:50 na 19:10, kwetu ni saa 12:50 jioni na saa 1:10 usiku, na hapo wastani wa namba hizo utavurugika vile vile. Kila saa ina mshono wake. Uhodari ni kujua mshono uko wapi, na kuusogeza mahali ambapo watu unaowahesabu hawapiti. Ukihesabu mambo ya mchana, kata usiku wa manane. Ukihesabu mambo ya usiku, kata jioni au mchana. Na kama mambo yako yametapakaa mchana na usiku, zipo njia za kuhesabu kwa duara lenyewe, na vijana wa chuo watazikuta mbele ya safari.

USIKU NI WA SIKU GANI?

Limebaki lile la siku, na hapa ndipo mwanafunzi wa madrasa anapomzidi mwenzake.

Kompyuta hubadilisha tarehe saa 6 usiku. Kwetu Waislamu siku huingia jua linapotua. Alhamisi baada ya Maghribi tunasema ni usiku wa Ijumaa. Tarawehe ya kwanza huswaliwa kabla ya funga ya kwanza, kwa sababu usiku ule ni wa tarehe mosi Ramadhani. Na usiku wa 27 ni ule unaoingia baada ya kufuturu siku ya 26.

Sasa mwambie kijana asiyejua hayo akuhesabie ni watu wangapi walikuja msikitini usiku wa 27, kwa kufuata tarehe za kompyuta. Atakosea mara mbili. Kwanza atahesabu jioni ya siku ya 27, ambayo ni usiku wa 28. Pili, usiku mmoja ataukata vipande viwili: waliokuja Isha atawaweka tarehe moja, na waliokuja kisimamo saa 9 usiku atawaweka tarehe nyingine. Kamati ikiandaa futari na maji kwa hesabu hiyo, watu watakosa.

Dawa yake ni nyepesi. Chukua wakati kamili, ukiwa tayari kwenye saa za Afrika Mashariki, ongeza saa 6, ndipo utoe tarehe na saa. Alhamisi 20:00 ukiiongezea saa 6 inakuwa Ijumaa 02:00. Soma sasa: siku ni Ijumaa, na saa ni 2 usiku. Kwa kuongeza namba moja tu umepata siku ya Kiislamu na saa ya Kiswahili kwa pamoja! Ikiwa saa uliyopata imepita 12, ondoa 12, na hiyo ni saa ya mchana. Jaribu mwenyewe: 08:05 ukiongeza 6 ni 14:05, ondoa 12, ni saa 2:05 asubuhi.

Lakini angalia. Njia hii imechukulia kwamba siku huingia saa 12 kamili jioni, na jua la pwani yetu hutua dakika kadhaa baada ya hapo, dakika ambazo hubadilika mwaka mzima. Kwa mahudhurio ya Isha na tarawehe inatosha. Kwa kufuturu na kwa Maghribi yenyewe haitoshi. Hapo fuata ratiba ya mji wako na muadhini wako.

Nasema "mji wako" kwa makusudi. Dar es Salaam na Kigoma zinatumia saa moja, lakini Kigoma iko magharibi kwa nyuzi za longitudo zinazokaribia 10, na kila uzi mmoja ni dakika 4 za jua. Kwa hiyo jua la Kigoma liko nyuma kwa dakika zinazokaribia 40. Ukimpelekea ndugu yako wa Kigoma ratiba ya Dar es Salaam, saa yake haitakuwa na kosa lolote, lakini atafuturu jua likiwa bado juu. Ukanda wa saa hutengenezwa na serikali ili watu waelewane, wala haulisogezi jua.

TUFANYE NINI?

Haya ndiyo ninayopendekeza kwa wanafunzi, kwa walimu wenzangu na kwa kamati ya madrasa yetu.

1. Tuandike wakati kamili. Katika daftari na katika kompyuta, iwe tarehe, saa, na mahali. Saa peke yake itolewe mwisho, wakati wa hesabu, na kumbukumbu kamili ibaki kama ilivyo. Ukishaitupa tarehe, huwezi kuirudisha.

2. Kila karatasi ya ripoti iandikwe juu yake ni saa za wapi, na kama ni saa za Kiswahili au za kompyuta. Mstari mmoja kama huo ungemwepusha yule binti na fedheha.

3. Kabla ya kumhukumu mtu kwa wastani, tazama kumbukumbu mbili tatu zake moja moja, uulize kama zinaingia akilini. Wastani unaosema watu hulala adhuhuri unajishtaki wenyewe. Tatizo ni ule unaokosea kwa saa 3 tu na kufanana na kweli.

4. Watoto wafundishwe kusoma saa kwa namna zote mbili tangu darasa la chini. Wapo watoto wa mjini wanaosema "saa nane" wakikusudia asubuhi, kwa kuwa simu imeandika 8:00. Wasiachwe katikati, hawajui ya kwao wala ya wenzao.

5. Mzazi akiletewa ripoti yenye saa, asione haya kuuliza: saa ngapi, ya wapi, na ya siku gani? Si swali la ujinga. Wataalamu huliuliza kila siku.

Kuna watakaoniambia kwamba nimefanya jambo dogo kuwa kubwa, kwani tofauti ni ya saa chache tu. Nami nawauliza: nani kati yetu atakubali kufuturu saa chache mapema? Kama tunachunga dakika katika ibada zetu, basi tuzichunge pia tunapoandika habari za watu. Kumwandikia mtu saa ambayo siyo yake ni kumtolea ushahidi usio wa kweli, na ushahidi ni amana.

Vijana wetu, someni kompyuta na takwimu kwa bidii, wala msidhani kwamba mnaiacha madrasa nyuma mnapofanya hivyo. Aliyezoea kujua usiku unaingia lini na jua linatua wapi anacho tayari kile ambacho wengi hukitafuta kwa tabu wakiwa mbele ya mashine.